Trei ya Mayai Mlangoni

Kwako mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na yule jirani wa kuazima chumvi amepunguza mwendo. Mimi sijambo, tena nang'aa. Makochi yangu sasa yanakaliwa na wakubwa. Juzi mmoja alijaribu kochi karakanani, akasinzia, nikakaribia kumfungia ndani.

Mama, tangu baba aanguke kwa moyo na kututoka, ulipiga mayai marufuku, nami nimekutii hata huku mbali. Basi nimekwenda kupima. Nilimwambia daktari asijichoshe, kifua hiki ni springi mpya, yai sijalionja miaka na miaka. Akauliza asubuhi nakula nini. Nikasema chipsi. Mchana? Chipsi na soseji, chumvi ya kutosha. Na sigara? Nikamjibu hiyo mama hakuikataza. Weee! Alicheka mpaka akavua miwani.

Alipopumua akaniambia presha imepanda, na kwamba tumemfunga asiye na kosa, wezi wenyewe tukawakaribisha mezani. Kwa mtu kama mimi, yai moja la kuchemsha kwa siku halina ugomvi na moyo. Niogope chumvi, moshi na mafuta yanayorudiwa kukaangia. Wewe mwenye sukari, alisema umuulize kwanza daktari wako. Sigara nimetupa. Kazini naenda kwa miguu, watu wanadhani naringia viatu.

Sasa kaa vizuri, mama. Najua unajiuliza nani aliyenifikisha hospitali, mimi niliyeruka dirisha la darasa kukimbia sindano. Ni mfuga kuku anayeuza mayai mkabala na karakana yangu. Nilipomwomba anioe, yaani nimuoe, ulimi uliniteleza, alijibu kwamba hakuzaliwa aje kuwa mjane wangu, nikapime kwanza. Nimepima, amekubali. Ila ana hofu moja: kwamba ukimwona na mayai yake, utamwona kama ndiye aliyemuua mumeo. Alitaka kuuza kuku wote kwa ajili yako. Nimemkatalia. Wewe hukuacha cherehani yako ulipoolewa.

Jumamosi tunakuja. Atabisha hodi yeye, trei mikononi, na mimi kidume wako nitajibanza nyuma yake. Ukiipokea hiyo trei, mama, umetuozesha.

Nisalimie wote, hata wa chumvi. Na ukisikia hodi, bandika maji ya kuchemshia.

Ni mimi mwanao,
Fundi Makochi, asiye na mpinzani ila wewe na yeye