Kigelegele Uwanjani

Alhamisi, 10 Novemba 2005
Nimepalilia vitunguu hadi mgongo ukakataa. Jirani yangu Mama Ndiwa amenisaidia, kama kawaida. Jumamosi kuna mkutano wa kura ya maoni hapa mlimani Kapsokwony. Yeye ni ndizi, yaani katiba mpya ipite. Mimi ni chungwa, isipite. Tunataniana tu. Watu wazima tunagombania matunda! Tutaenda pamoja.

Jumamosi, 12 Novemba
Nimerudi.
Uwanja ulijaa, ndizi na machungwa tumechanganyika, vicheko tele. Kisha mheshimiwa mmoja akashika maikrofoni. Akasema waliotoka Bungoma kuja kulima mlimani wajitayarishe kurudi kwao, katiba ipite isipite. Mimi nilitoka Sirisia, huko Bungoma, nikiwa bi harusi. Mume wangu amezikwa nyuma ya nyumba. Kwetu ni wapi tena?
Mtu akapiga kigelegele. Nikageuka. Mama Ndiwa, bega kwa bega nami. Kigelegele kile kile alichonipigia nilipomzaa Wafula.
Afadhali angenizaba kofi.

Jumapili, 13 Novemba
Kanisani sikwenda. Nina hasira.

Jumanne, 15 Novemba
Ameniletea maziwa. Nikamuuliza kuhusu kigelegele bila kuzungusha maneno.
“Aa, Mama Wafula, si hiyo ni siasa tu? Kila mtu alikuwa anapiga.”
Akacheka. Mimi sikucheka. Maziwa nimempa paka.

Ijumaa, 18 Novemba
Ua wa shamba la chini umeng'olewa mchana kweupe. Hakuna aliyeona, ati. Wafula amepiga simu kutoka Kitale. “Mama, kuja ukae na mimi huku Tuwan. Hiyo shamba si utairudia tu mambo ikitulia?” Nimemgombeza. Kisha nimelia.

Jumatatu, 21 Novemba
Nimepiga kura. Foleni ndefu, salamu hakuna. Naogopa. Nimemwambia Wafula atafute lori.

Jumamosi, 26 Novemba
Mama Ndiwa amefika alfajiri bila kuitwa. Tumeng'oa vitunguu pamoja, tukafunga magunia. Akalia. Nami nikalia. Nilikuwa karibu kumsamehe, hata karibu kubaki.
Akapangusa macho na leso, akaangalia nyumba. “Mama Wafula, hii nyumba utabomoa ama utatuachia? Ndiwa anataka kuoa na hana mahali.”
Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anayeomba chumvi.
Nimempa ufunguo. Nikamwambia mlango wa jikoni hukwama wakati wa mvua, ausukume kwa goti.