Fundo la Bomba la Mwisho

Jumatatu, 5 Mei 2025
Bonga, barabara ya Dodoma. Mabomba manne ya chini ya ardhi ya kupitishia kamba wiki hii, kebo ije kuvutwa baadaye. Leo mawili. Kipande cha godoro kwenye uzi, kompresa inapuliza, godoro linatokea chemba ya pili, shimo la upande wa pili wa bomba, na uzi nyuma yake. Kisha kwa uzi huo tunavuta kamba nene.

Mimi chemba hii, mwenzangu Konstantini ile. Malori hayaturuhusu kusikilizana, kwa hiyo tunaongea kwa kamba. Kuvuta mara moja — simama. Mbili — vuta. Tatu — imefika.

Zilipokuja tatu zake niliishika kamba muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.

Wakati wa chai akanimegea chapati. Eti dada yangu una mkono mwepesi! Dada yangu.

Jumatano, 7 Mei
Tope. Bomba moja tu.

Baba Wilhelmina, msimamizi wetu, ametangaza: Konstantini amepata kazi Mpanda. Anaondoka Jumamosi alfajiri. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga.

"Utanikumbuka, dada?"

Nikamwambia labda kamba ndiyo itakukumbuka. Akacheka. Mjinga mimi! Miezi saba tunashika kamba moja.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua, hakuna kazi. Nimeandika barua tatu, nimezichana. Ndefu mno. Yamebaki maneno matatu: Usiniite dada tena.

Valeria, ninayeishi naye hapa Nangara, anasema si umtumie meseji kama watu wengine. Meseji! Simu ya Konstantini inashikwa na kila mtu, wanaangalia mpira. Kesho bomba la mwisho, mita tisini. Mle chembani atakuwa peke yake.

Ijumaa, 9 Mei
Saa nne. Uzi umeshapita. Yeye anavuta, mimi nalisha kamba nene. Karatasi nimeikunja, nimeivisha nailoni, nimeizungushia soltepu palepale kwenye fundo la uzi na kamba. Chuoni tulifundishwa fundo liwe jembamba. Nimelinenepesha kwa mikono yangu!

Limekwama. Alama za rangi kwenye kamba zinasema mita arobaini na mbili.

Saa sita. Baba Wilhelmina amekuja, amechungulia.

"Leonia, fundo umefunga wewe?"

Ndiyo, Baba.

"Basi si fundo. Ni tope hilo."

Ananiamini! Amesema kamba isipotoka kufikia saa nane, tunachimba pale katikati na bomba atalikata mwenyewe. Maneno yangu matatu mkononi mwa Baba Wilhelmina! Amekwenda kutafuta sululu.

Saa saba na robo. Nimemimina maji ya sabuni bombani. Nimerudisha kamba kidogo, nimelegeza. Mara mbili — vuta! Ikasogea nusu mita. Mita. Halafu ikakimbia viganjani mwangu hadi alama ya tisini.

Nikasubiri tatu zake.

Hakuna.

Nimekaa ukingoni, daftari gotini, kamba nimeizungusha kiganja cha kushoto. Kule kwake sioni hata kofia. Dakika kumi sasa. Amesoma. Au bado anafungua soltepu, nilizungusha nyingi mno. Au amesoma na anaona aibu kutoka —

Imevutwa! Moja. Mbili. Tatu.

Nne.

Nne hatuna. Miezi saba hatujawahi kuwa na nne. Baba Wilhelmina anakuja na sululu begani, ananiuliza kwa mkono imefika au haijafika, na kamba bado imekaza, na mimi sijui nijibu mara ngapi —