Ile Chembe Nyeusi ya Nyigu

Kirotshe

Mama yangu,

Nakuamkia wewe na nyumba yote ya Buleusa. Mugongo wako iko namna gani? Ile dawa ya kupaka ilifika? Mimi niko muzima, baridi ya ziwa tu njo inanitesa asubuhi. Dada Zawadi, wewe unayemusomea Mama, soma polepole na usiruke neno.

Mama, nimeshituka!

Unajua kazi yangu: naosha vyupa vya Bwana mumoja anayechunguza wadudu. Jana alibomoa nyumba ya nyigu, zile za udongo za mu ukuta, akatoa ile chembe nyeusi ya chini. Nikacheka, nikamuambia, "Bwana, hii kwetu iko dawa. Mutoto wa nyigu anajifunga mule ndani, hatoi kitu mupaka akomae. Mwanamuke akiikula, na mimba yake inafungika, haitoki mbele ya wakati."

Akaniangalia. "Munakula hii?"

"Wanawake wenye mimba, ndiyo."

Akatia chembe mu kisahani, akadondosha asidi kali, akakausha juu ya moto. Ikabakia nyekundu. Akaongeza amoniaki, ile inayochoma pua, na Mama, ikageuka zambarau kama ua la viazi! Nikasema, ona nguvu ya dawa yetu!

"Hapana," akasema. "Rangi hii inaonyesha asidi yuriki, ile ya uchafu wa mukojo. Haya iko mavi. Mutoto wa nyigu anayachunga mu tumbo, akikomaa anayatoa yote mara moja. Ndani iko asidi hii na mabaki ya buibui aliokula. Ile kitu cheupe juu ya mavi ya kuku, njo hii hii."

Yesu wangu! Mavi ya kuku! Na wewe Mama, unayefukuza kuku mu jiko na mufagio!

Nikauliza kama inaweza kushika mimba. Akasema hapana, hata kidogo. Nikatoka inje, nikalia.

Kwa sababu nilimukumbuka Furaha, muke wangu. Ulimusagia ile chembe, akakataa kuikula, akasema inanuka. Mimba ilipotoka, watu wote wakasema yeye njo aliua mutoto. Na mu barua yako ya mwisho ulisema: maharagi ikisha kuvunwa, arudishwe kwao. Mama, mwanamuke alifiwa na mutoto, na sisi tukamuhukumu juu ya mavi!

Sikutukani. Wewe nawe ulipewa na mama yako. Lakini Furaha asitoke. Na kama ameshatoka, usiningoje mimi, likizo iko mbali. Kamata ule jogoo mukubwa unayemufukuza mu jiko, umupelekee baba yake Furaha, uombe musamaha, umurudishe nyumbani.

Unisalimie Papa mudogo muwindaji, na shangazi wa shamba la muhogo karibu na muto, na katekisti wetu. Lakini kwa Furaha usitume muntu. Umusalimie wewe mwenyewe, Mama, kwa kinywa chako.

Miye mutoto wako,
Bahati