Ule Unga Usiutume Tena

Dada yangu wa ughaibuni,

Huku hatujambo. Cherehani yangu imepata mkanda mpya. Watoto wanasema baba yao bado anakoroma. Mimi sijui, siku hizi nalala fofofo.

Ndiyo, kwa lile tumbo langu nimempata daktari wa tiba asili. Nilidhani atanipa mizizi nichemshe, kumbe akanirudisha nyumbani nikamletee kila ninachokunywa na kumeza. Nikarudi na kikapu: chupa ya mama mkwe, majani ya shangazi, vidonge vya jirani, na ule unga wako wa dawa. Akavipanga mezani mpaka pakajaa.

"Mama, vyote hivi kwa siku moja?"

"Sasa ningemkatalia nani, daktari? Wote wananipenda."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaunusa unga wako, na kicheko kikamwisha. Akasema vingine niviache kwanza, lakini huo nisiuguse tena maishani; ndio uliokuwa ukinichoma tumbo. Hakuniuzia hata jani moja. Nimelipa ada ya kumwona tu, na sasa nakula nashiba.

Dada, usinune. Najua uliutuma kwa moyo mweupe. Pesa ulizonitumia za matibabu zimebaki, kwa hiyo nimekulipia na wewe ada ya daktari kabisa, anakusubiri ukija likizo. Juzi tulipoongea kwa video nilikuona: mkono mmoja unakoroga kikombe, mwingine umeshika tumbo.

Umwage huo unga, dada. Leo hii.

Mdogo wako aliyeshiba