Kiti Chako Barazani

Nyuma ya Soko la Mifugo,
Garissa.
14 Oktoba, 1965.

Mpendwa mjomba wangu, Abti Diriye,

Assalamu alaykum warahmatullah. U hali gani huko Tanga? Kifua kimepoa? Biashara ya nguo inakwenda? Watoto wanasoma? Sisi huku, Alhamdulillahi, tunapumua. Dada yako, mama yangu, magoti yanamsumbua, lakini bado anaswali amesimama.

Nisamehe kukuandikia Kiswahili. Kisomali chetu hatukufundishwa kukiandika, na maneno haya sikutaka kumpa msafiri akuletee kwa mdomo.

Amino amewachukua watoto na kwenda Isiolo kwa wazazi wake tangu Juni. Simlaumu. Tangu hali ya hatari ianze, mke wa karani wa baraza kama mimi hana wa kusukana naye nywele. Nami najipikia chai, nakosea sukari, naimwaga. Dukani wananiuzia vizuri tu, lakini nikiingia mazungumzo hukatika.

Sasa mambo ya baraza. Wewe ulikuwa diwani, unajua kilicho chetu na kisicho chetu. Vibali vya kusafiri, kafyu, askari, vyote ni vya DC. Yetu sisi ni soko, machinjio, vyoo na leseni za hoteli za chai. Na hata hayo si yetu mpaka madiwani watano kati ya tisa wakae kitako. Watatu wamevuka mpaka, hakuna ajuaye walipo. Wewe uko Tanga. Walibaki watano kamili, na wa tano, mzee Sugow, alikuwa hatoki nyumbani tangu mwanawe aingie msituni.

Mwezi wa saba soko la nje lilifungwa kwa ajili ya usalama. Wanawake wanaoleta maziwa ya ngamia kutoka malishoni wakawa wanarudishwa walikotoka wakifika kizuizi cha barabarani, kwa sababu mjini hapakuwa na mahali palipotengwa kisheria pa kuuzia maziwa. Bwana DC aliniambia wazi: baraza likitenga mahali, yeye atatia sahihi. Lakini hawezi kutenga kwa niaba ya baraza.

Nikaenda kwa Sugow siku sita mfululizo. Kila siku ananipa maji, ananiambia lile lile: "Nikija, walio msituni wataniita mtu wa serikali. Nisipokuja, serikali itaniita mtu wa msituni. Haya karani, niambie, nikae wapi?"

Siku ya saba nilimkuta Habibo mlangoni pa mzee, yule mjane aliyekuwa akiwauzia maziwa nyumbani kwake. Kibuyu kilikuwa kimejaa na maziwa yameanza kuharibika. Alimwambia, "Adeer, mzee wangu, nimerudishwa mara nne. Ngamia hajui hali ya hatari. Kukicha lazima akamuliwe."

Mzee akaomba viatu vyake.

Alhamisi ya tarehe tano Agosti tukawa na kikao, cha kwanza tangu uondoke. Watano wote walinyanyua mkono. Uwanja ulio kando ya machinjio ukawa wa maziwa. Kesho yake niliwakuta wanawake kumi na mmoja wameketi pale, na Habibo akanipimia kikombe bila kunisemesha.

Sugow alilipia siku ile. Msikitini nafasi iliyo kando yake ikawa haikaliwi. Watu wa nyumba yake mwenyewe hawakuitikia salamu yake. Mwezi uliopita alipata kibali akaenda Buna kwa binti yake Fatumo. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Akaniambia, "Usinitumie karatasi, mwanangu. Sitatia sahihi tena, wala ya kuja wala ya kuacha." Akapanda. Nilirudi ofisini nikakaa mpaka adhana ya laasiri bila kufungua daftari.

Abti, ndipo ninapofikia shida yangu. Uamuzi ule ni wa miezi mitatu tu. Usipothibitishwa na kikao cha pili kabla ya tarehe tano Novemba, unakufa, na wale wanawake watarudishwa tena pale kizuizi cha barabarani. Madiwani wamebaki wanne. Bwana DC aweza kujaza kiti kilicho wazi, na ameshaniuliza jina. Lakini kiti huwa wazi mwenyewe akiandika kwamba amekiacha. Wale watatu hawana anwani. Sugow amekataa. Wewe una anwani.

Najua kile ni kiti cha ukoo wetu, na najua ulivyokipata. Najua pia utauliza nani atakaa. Nataka kumtaja Kotile, Mborana auzaye ngozi. Si wa kwetu, na wa kwetu watanikasirikia. Lakini yupo hapa, na amekubali.

Nimemsomea mama barua hii. Alilia kidogo, akasema alidhani kiti hicho ndicho kitakachokurudisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Kila nilipoandika jina lako kwenye orodha ya madiwani niliona kama umetoka tu, utarudi. Naomba ukiache, abti.

Nisalimie mkeo Muslimo, na Gelle na Rahmo wadogo. Mama anakusalimu sana, na jirani yetu Naimo pia. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, nasi atuhifadhi hapa kwetu palipogeuka ugenini.

Niletee barua mbili. Ya baraza iwe mstari mmoja na sahihi. Ya pili niandikie mimi, na iwe ndefu.

Wako akupendaye kwa upendo usiopungua, mwana wa dada yako,

Jama