Mama Mwende, Ni Joto Kweli Iliyokuhamisha?

Mama Mwende, jirani yangu wa upande ule jua inatokea,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi, ni magoti tu imekataa kazi. Barua hii inakuja bila bahasha kwa sababu anwani yako sina. Ulisema utaituma ukifika, na haukutuma. Mwalimu aliyehamia nyumba yako ndiye anaandika, mimi nasema. Ati gazeti ikiichapisha, mtu wa huko kwenu Mwingi ataisoma na atakuambia. Nikamwuliza, "Na watu wengine wote watasoma mambo yangu?" Akasema ndiyo. Haya, wasome. Kiswahili hii ni ile ulinifundisha wewe. Ukiona mahali imenyooka sana, ujue ni mwalimu ameinyoosha. Mimi bado nasema "bilibili", yeye anaandika pilipili, na ninamsikia akicheka kwa pua.

Nataka kukuuliza neno moja tu. Lakini nikiuliza sasa utajibu haraka, kama ulivyojibu siku ile, na jibu ya haraka mimi siiamini. Kwa hivyo kaa, nianze na mashine.

Nimenunua mashine ya baridi. Ile ya magurudumu, ya kusukuma, si ile ya kupigiliwa ukutani kama ya benki. Usicheke. Najua unacheka. Bei usiniulize mimi, uliza mbuzi ambao hawapo.

Wewe unajua joto yetu. Ile miezi kabla ya mvua, mabati ya nyumba inalia tik, tik, na kuku wanatembea midomo wazi. Mwaka wako wa kwanza hapa ulisimama mlangoni, leso imelowa mgongoni, ukaniambia, "Mama Halima, huku kwenu hata kivuli inatoa jasho." Nilikuhurumia, wallahi. Nikapita kwenye pengo ya ua, pale miti ilikuwa imeoza, nikakuletea shuka iliyoloweshwa, tukaitundika mlangoni. Upepo ukipita pale unaingia baridi. Ukaniuliza hiyo ni uchawi gani. Nikakuambia ni maji tu inakauka, na ikikauka inaondoka na joto. Nikakufundisha kuvisha jerikani gunia na kulowesha gunia. Wewe ukanifundisha muthokoi. Mahindi imetolewa ngozi, mimi nikasema hii mahindi ni mgonjwa, lakini nilikula. Na maziwa ya ngamia wewe ulitema, usijifanye umesahau, ulitema kwenye kiatu ya mzee wako.

Na siku Mwende alizaliwa. Ulilala chini kwa simiti kwa sababu kitanda ilikuwa moto. Mimi nikashika upepeo, nikakupepea toka asubuhi mpaka jua ilipolala. Mkono ikipunguza tu, unafungua jicho moja: "Mama Halima, usiache." Sikuacha. Siku hiyo mkono wangu ndiyo ilikuwa mashine.

Halafu mambo ikabadilika. Majambazi walisimamisha basi barabara ya Mwingi, watu wa bara kama nyinyi wakaanza kwenda sokoni kwa vikundi, na sisi wenyeji tukaanza kuangaliwa kama kila mwenye buibui ameficha kitu ndani. Mimi nisimamishe basi? Mimi hata punda nikimwambia simama hasimami.

Wiki hiyohiyo nikaamka nikakuta pengo imezibwa na mabati. Nikakuita juu ya ua. Ukasema, "Ni mbuzi wako, Mama Halima, wanamaliza sukuma wiki yangu." Mbuzi wangu walikula sukuma yako tangu Mwende hana meno mpaka ana meno, na haukuwahi kuziba.

Baadaye Hussein wa duka akaniambia unaondoka. Ulimwambia, "Mzee wangu amehamishwa." Nikaja kwako kwa mlango ya mbele, kama mgeni, nikabisha hodi. Mimi! Ukaniambia, "Ni joto, walaal. Daktari amesema presha yangu haitaki joto." Ulisema walaal, ndugu, kwa lugha yangu, na ulikuwa unaangalia sufuria. Sasa mwanamke moja, mdomo moja. Kwa Hussein ni kuhamishwa, kwangu ni joto. Anayehamishwa anasukumwa. Anayehama amepanga mwenyewe. Nimekaa na hiyo neno kama mchanga ndani ya jicho.

Ndiyo nikasema, kama ni joto, mimi nitanunua baridi. Tuone atasema nini.

Hussein siku hizi anauza vitu vya Dubai vinavyopitia mpakani Liboi, redio, feni, mpaka hizi mashine. Nikamwambia sitaki maneno, nataka baridi.

"Hooyo," akasema, maana mimi ni kama mama yake, "hii ni baridi ya Dubai."

"Imetoka Dubai mpaka hapa na haijayeyuka?"

Akanionyesha ya kwanza, nyepesi, ati haina bomba, haina shida. Unamimina maji kwa tanki, feni inapuliza. Nikaweka mkono nikasikia upepo ya majimaji. Nikamwambia, "Warya, wewe kijana Hussein, hii ni shuka yangu ya mlangoni, wewe umeiwekea stima." Watu dukani wakacheka, yeye akanuna. Si mbaya, usifikiri naisema vibaya. Hewa yetu ni kavu, inafanya kazi, na stima inakula kidogo. Lakini dirisha lazima iwe wazi, ukifunga chumba inakuwa kama bafu. Na inataka maji kila wakati, na maji ya hapa unajua inakuja na punda. Tena wewe una kifua. Nilikumbuka vile ulikohoa tukiacha shuka sana. Nikasema hiyo hapana.

Ya pili nzito kama sanduku ya bibi arusi. Nyuma ina bomba nene ya kukunjakunja kama mkonga wa ndovu.

"Bomba ya nini?"

"Ya kutoa joto nje kwa dirisha."

"Si ulisema inatengeneza baridi?"

"Hooyo, hakuna mashine inatengeneza baridi. Hii inahamisha joto."

Mama Mwende, neno ileile. Nikakaa chini kwa gunia ya sukari. Nikamwambia, "Nieleze hiyo kuhamisha, polepole, na usiruke kitu."

Akanipeleka nyuma ya friji yake ya soda. "Shika hapo." Moto! Mbele soda imeshika barafu, nyuma unaweza kuchoma chapati. Akasema, "Chumba yako ndiyo ndani ya friji. Hii bomba ndiyo mgongo wake." Ati kuna gesi inazunguka kwa vibomba vidogo kama punda wa maji. Anaingia anabeba joto ya chumba, anatoka anaimwaga nje, anarudi mtupu kubeba ingine.

"Na huyo punda anakula nini?"

"Stima. Na anakula sana, sitakudanganya."

Hapo nikamwamini kidogo. Kidogo tu. Nikamwambia nataka kuiweka sebuleni, watu waone. Akauliza sebule inaingia mikeka mingapi, ina milango mingapi, ukuta gani inapigwa na jua. Nikamwambia. Akakataa. Kubwa, watu wanaingia wanatoka, mashine itahangaika bure. Niweke chumba ya nyuma, ile ndogo ya dirisha moja. Na kwanza nitundike kitambaa nzito chini ya mabati ya paa, maana joto ya juu ikishuka inashinda mashine. Bomba iwe fupi, isizungushwe kama utumbo, na nafasi inabaki dirishani izibwe na mbao. Isichomekwe kwa waya nyembamba ya redio, itaungua. Na mlango ufungwe.

"Mlango ufungwe?"

"Ufungwe, hooyo. Ukiacha wazi unapoza mtaa."

Hiyo ilinichoma. Mlango wangu mchana umefungwa lini? Mwenye kufunga mlango mchana ana nini ndani? Lakini nilikuwa nimeshasema nitanunua, na watu walikuwa wanasikia.

Ikaletwa na mkokoteni. Hussein alisema isiwashwe siku hiyo, kwa lori ilisafiri imelala, mafuta yake ya ndani imeenda pahali si yake. Nikaiacha isimame kama ngamia ametoka safari. Kesho yake nikawasha. Ikanguruma. Baridi ikaja kidogo, nikasema Bismillahi, halafu baridi ikaisha, joto ikarudi kali kuliko kwanza. Nikasema, Hussein ameniuzia feni yenye mkonga.

Nikatoka nje nione. Dirisha ya chumba ya nyuma unajua inaangalia wapi. Inaangalia pengo. Bomba inapuliza moto yake yote kwenye ile mabati yako, na mabati yenyewe imechomwa na jua, basi moto inagonga inarudi dirishani kwangu. Nikashika kiuno nikaiangalia hiyo mabati. Umeondoka na bado unanirudishia joto.

Mwalimu akaita toka upande wake. "Mama Halima, ni nini inanguruma, umefungua mashine ya kusaga?"

"Nataka kung'oa hii mabati. Niletee nyundo."

"Ngoja kwanza," akasema. Nikasikia waya inakwaruza. Mabati ikafunguka polepole mpaka nikamwona amesimama pale, mkono ukiwa kwa mabati.

"Mama Halima, hii si ukuta. Hii ni mlango."

Nikapita, nikaangalia kwa macho yangu. Upande moja imeshonwa kwa nguzo na waya, na waya imepindwa vizuri ili mabati izunguke kama bawaba. Hiyo kupinda ni ya mikono yako, ndivyo ulikuwa unapinda waya ya kuanika nguo. Upande wa pili kuna kitanzi, imeingia kwa msumari. Kitanzi iko kwako. Upande wangu hakuna kitu, ni laini tu, na huo upande laini ndio nimeutazama tangu siku ile.

Unafikiri nilifurahi? Nilishuku zaidi. Mtu anayeziba haweki bawaba. Lakini anayetaka jirani aingie haweki kitanzi upande wake peke yake. Ni Baba Mwende alisema ziba, na wewe ukaziba namna yako? Au ulikuwa unafungua nikiwa sokoni, unaangalia kwangu? Nikamwuliza mwalimu, anasema nisifikirie sana. Mwalimu hakujui.

Tuliondoa mabati yote, na mashine ikafanya kazi. Nikafunga mlango nikakaa peke yangu, nywele ya mkono ikasimama kama mtu ameniita. Baadaye nikaona chini yake kisahani imejaa maji. Maji! Na hakuna mtu ametia. Nikaenda kwa Hussein na haya magoti: "Hii maji ni ya nani?" Akasema ni ya hewa ya chumba, pumzi yangu na jasho yangu, ikigusa baridi inakuwa maji. Sikupenda hiyo. Mbuzi aliyebaki pia alinusa akaondoka. Nikaimwaga kwenye mpapai wako. Ndiyo, uko hai, nilikuwa nautilia maji juu ya ua hata wakati nimekukasirikia, mti haukuniambia uongo.

Nikarudi kwenye baridi yangu, wanawake wakaja wakagonga. "Mama Halima, umejifungia mchana! Unakula nyama gani peke yako?" Niliona haya nikazima. Sasa imekaa kimya, nimeifunika na shuka, ile ya mlango yako.

Basi neno ile moja. Ni joto?

Kama ni joto, dawa yake iko hapa. Mkono huu hauwezi tena kupepea mtu toka asubuhi mpaka jioni, ndiyo nikanunua mashine. Njoo hata kwa siku chache, na Mwende, nilale nikimwona, sasa atakuwa msichana mrefu. Kama si joto, njoo pia. Mashine inataka mlango ufungwe, na inanguruma, mtu wa nje hasikii kitu. Tutafunga, na utaniambia ile ingine, na safari hii utaniangalia mimi, si sufuria.

Nimemwambia mwalimu asirudishe mabati. Usije kwa mlango ya mbele.

Ni mimi, jirani yako wa pengoni,
Mama Halima