Shubiri ya malishoni

Stacy uko? Acha kila kitu usome.

Baba mkwe ametapika mpaka ameanguka uani. Ni shubiri yangu. MIMI ndiye niliyempa!

Si unajua ile ya kando ya mto ilioza na mafuriko ya maji ya bara? Nikakata iliyojiotea malishoni, haijaona mvua tangu mwaka jana. Majani membamba, mekundu. Nikachemsha vilevile, nikampa kikombe kilekile cha siku zote.

Mama mkwe kauliza tu, "Umeonja?"

Sikuonja, Stacy. Hapa kwetu anayechemsha dawa ndiye anayeonja kwanza, na mimi sikuonja! Nimezoea ile ya mtoni, haina ukali, nikajisahau.

Akachovya kidole, akalamba, akatema. "Hii imekaa na kiu, uchungu wote umejikusanya. Ya hivi ni kijiko, si kikombe." Hata hakunifokea. Bora angenifokea.

Halafu akauliza, "Nani mwingine umempa?"

Stacy. Abdia, jirani yangu, alipita asubuhi akienda kupanda basi, nikamjazia chupa. Nampigia, hapatikani. Anashukia hapo kwenu Tarasaa. Toka uende barabarani sasa hivi, mzuie.

Dawa ni ya mtoto wake. Nilimwambia ampe kikombe kizima.